Watoto wa Namba Nne

Walimtundika kwenye kibao chetu wenyewe. Kibao cha chuma, cha kijani, kilichoandikwa "Hifadhi ya Taifa ya Wadi Ghafa, tafadhali usisumbue wanyama", na chini yake Namba Nne ananing'inia kichwa chini, miguu ya nyuma imefungwa kwa waya, ulimi nje, nzi wamejaa machoni. Mkanda wa shingoni walikuwa wameukata, wakamvisha mguuni kama kikuku. Hicho kikuku ndicho kilichonitia wazimu. Kumuua walimuua yeye, lakini kikuku kile nilivishwa mimi.

Mkanda ule niliufunga kwa mikono yangu. Jina langu Ghadeer, na kazi yangu ni kufuatilia mbwa mwitu. Watu wa Maskati wakisikia hivyo hucheka, huniuliza kama nimekosa mume au nimekosa akili. Mbwa mwitu walikuwapo katika milima iliyo nyuma ya Rusayl, nje ya mji, wakauliwa kwa bunduki na sumu mpaka wakaisha. Miaka mitatu iliyopita tukawarudisha. Tulileta saba kwa ndege, wote wamezaliwa kizimbani nchi ya mbali, kila mmoja na karatasi zake na namba yake. Watatu wakafa mwaka wa kwanza. Namba Nne akabaki, akajifunza kuwinda, akapata mume, Namba Sita, na mwaka huu akazaa. Walikuwa watoto wa kwanza kuzaliwa porini kwetu, na mimi nilikuwa nikitembea barabarani nacheka peke yangu.

Nilimkatia waya asubuhi ile ya Ijumaa, nikamlaza chini. Nilimpapasa matiti. Yalikuwa bado yana maziwa.

Nikapanda wadi, lile bonde la mto mkavu, mbio mpaka pangoni. Halikuwa na kitu. Hapakuwa na damu wala manyoya, ila alama za viatu vya mtu mzima, na alama ya gunia lililoburutwa mchangani. Basi watoto walikuwa hai, na mtu amewachukua. Walikuwa wanne, wana wiki tano, tayari wanakula nyama anayowatapikia baba yao. Hapo ndipo palipokuwa na matumaini, maana kila alfajiri mkanda wa Namba Sita, unaotuma alama kwenye kompyuta yangu, ulionyesha amerudi pangoni na chakula, akangoja, akaondoka. Nikiwapata watoto kabla hajakata tamaa, ningewarudisha pale pale na yeye angewalea. Lakini hangekuja milele. Na watoto wenyewe, wakikaa wiki na binadamu, wakizoea mkono wake na sauti yake, basi wamekwisha. Watakuwa mbwa wa kufungwa mpaka wafe. Nilijipa siku tano, sita zikiwa nyingi.

Swali lilikuwa moja tu. Nani alijua pango liko wapi? Ramani ilikuwa kwenye kompyuta yangu peke yake, hata bosi wangu Wael sikuwa nimemwonyesha. Nilikuwa nimemwambia mtu mmoja duniani, na mtu huyo ni mama yangu.

Nilimwambia Jumatano, kwenye mkutano wa kamati ya wafugaji. Kamati hiyo hukutana kila mwezi ofisini kwetu Madinat Sultan Qaboos. Wanakuja wanaume wanane wa milimani, wanakunywa kahawa yetu, wanakula halua yetu, kisha wanatutukana kwa adabu. Sikatai, wana haki yao. Mbuzi wao wameliwa. Mzee Thani peke yake alipoteza kumi na mmoja, na hakuwahi kunipandishia sauti. Aliyenikalia kooni alikuwa mwengine, Muatasim.

Huyu Muatasim ana miaka hamsini na ushei, ana karakana ya magari Rusayl, na mbuzi wake huwaweka huko mlimani kwa wakwe zake. Ndevu zimechongwa, zimeachwa wazi kidogo kidevuni palipo na kovu. Jambia la fedha halimtoki kiunoni hata siku isiyo na harusi wala Idi. Kwa mdomo wake yeye, hakuna mtu wa mlima kuliko yeye. Mimi aliniita "binti wa Zanzibar" mbele ya watu, kwa Kiarabu, akilivuta lile neno Zanzibar mpaka linanuka. "Nyinyi mmekuja juzi kwa ndege," aliniambia siku moja, "na sasa mnatuletea mbwa mwitu nao kwa ndege. Mbwa mwitu wa kweli wa mlima huu walikufa na babu zetu. Hawa ni wageni waliopewa karatasi." Wenziwe wakacheka. Mimi nikameza, maana kazini ukijibu unaambiwa una hasira za Kiafrika.

Basi Jumatano hiyo, katikati ya mkutano, simu ikalia. Mama. Anakaa Hail, mtaa mwengine wa Maskati, na kila Jumatano hupiga kuuliza nani anakuja kula Ijumaa, apate kujua anaroweka mchele kiasi gani. Nikapokea pale pale mezani. Sisi watu wa Zanzibar tuna ugonjwa mmoja hapa Maskati: tukishaingia kwenye Kiswahili tunajiona tumeingia chumbani tukafunga mlango. Tunasema mbele za watu mambo ambayo kwa Kiarabu tungenong'ona. Nilikuwa na furaha ya siku nyingi kifuani, na mbele yangu wanaume wanane wasiojua Kiswahili.

"Ijumaa siji, mama," nikamwambia. "N'nakwenda kuweka kamera. Namba Nne kazaa!"

"Alhamdulillahi. Kazaa wapi?"

"Wadi Ghafa juu kabisa, nyuma ya birika kavu, chini ya mwamba wenye ufa. Wanne, mama! Wazima!"

"Haya, na wewe lini?" akasema mama, akakata simu.

Nilicheka, nikawageukia wageni wangu. Mzee Thani alikuwa akichovya tende kwenye tahini ya ufuta. Muatasim alikuwa akihesabu tasbihi yake, punje moja baada ya nyengine, wala hakuinua macho.

Kwa hiyo Ijumaa ile, nilipotoka kumzika Namba Nne, sikupita kwengine. Nilikwenda moja kwa moja Hail, na vumbi langu na damu yake mikononi. Mama yangu, Bi Sayyida, ana masikio mazito, na simu zake zote hupokea kwa spika, nyumba nzima inasikia. Na katika nyumba ile mna mtu mmoja tu zaidi yake. Msichana wa Kiganda, Nanyonga, anayemsaidia kazi mwaka wa pili sasa. Nanyonga aliwahi kufanya kazi Nairobi, Kiswahili anakijua. Tena ana binamu yake, Lwanga, anachunga mbuzi kwenye shamba la mtu mbele ya Rusayl. Mimi nikajumlisha upesi upesi, na hesabu ikanipendeza.

Nilimkuta jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi.

"Ulimwambia nani?" nikamwuliza, hata salamu sikutoa.

"Kuhusu nini, madam?"

"Usinijie na madam. Mbwa mwitu. Jumatano ulikuwa hapa nilipozungumza na mama. Ulimwambia Lwanga, na Lwanga kamwambia tajiri wake. Sema."

Akaacha kukuna. "Madam, nilikuwa hapa, lakini sijaambia mtu. Hiyo mambo ya wanyama yako mimi inanihusu nini? Mimi niko na kazi yangu tu. Haki ya Mungu."

"Lete simu."

"Madam, hiyo simu ni yangu."

"Lete!"

Mama akatokea mlangoni na mkongojo wake. "Ghadeer. Mwache mtoto wa watu."

"Mama, usiingie hapa. Ameuliwa mnyama wangu, wameibiwa watoto, na aliyesikia ni yeye tu."

"Kwani wewe hapo ofisini ulikuwa na nani?"

"Watu wa milimani watupu! Hawajui hata kusema 'maji'. Mama, nakuomba."

Nanyonga akafuta mikono kwenye kanga, akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza badala ya kunipa mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini alinitazama usoni. Nikayaona yale macho nikayaita ukaidi.

Nilimganda Nanyonga siku zilizofuata kwa namna ambayo mpaka leo naona haya kuiandika. Meseji zake zilikuwa za Kiganda, nisingeweza kuzisoma, nikampelekea Mganda mmoja, Tumusiime, anayefanya kazi saluni moja karibu na ofisi, anisomee zote, na zile za sauti pia. Tulimaliza siku mbili. Mama yake Nanyonga anaumwa miguu. Mdogo wake kafeli mtihani. Jumapili moja aliimba kanisani kwa simu, akimwimbia mama yake wimbo mzima. Kuhusu mbwa mwitu, hakuna. Kuhusu mimi, ipo moja, na Tumusiime aliona haya kunitafsiria mpaka nikamlazimisha. "Anasema binti wa bibi ana roho ya pilipili," akasema, "lakini bibi mwenyewe ni mtu mzuri."

Mtu mwenye akili angekoma hapo. Mimi nikaona amefuta meseji zenyewe. Siku ya nne nikaenda shambani kwa Lwanga bila ruhusa ya mtu. Nilipindua godoro lake, nikafungua masanduku, nikaingia bandani nikatisha mbuzi wa watu wakakimbilia barabarani. Lwanga alisimama juani na kofia yake mkononi. Nilichokipata ni redio na gunia la mchele. Mwenye shamba akampigia simu Wael, Wael akaniita mimi ofisini, tukagombana mpaka walinzi wakachungulia dirishani. Nikamwambia Wael kwamba yeye ni mtu wa mikutano, hajui harufu ya mnyama hai.

Na kila asubuhi nilifungua kompyuta kumtazama Namba Sita. Siku ya pili alirudi pangoni. Siku ya tatu akarudi, akakaa saa nzima. Siku ya tano akarudi. Siku ya sita akaja, akazunguka mara moja, akashuka. Siku ya saba nukta yake kwenye ramani ilikuwa ng'ambo ya mlima, upande wa magharibi, mbali, inakwenda tu. Niliifuata kwa kidole kwenye kioo mpaka ikatoka nje ya ramani ya hifadhi. Nikapiga meza kwa ngumi, kikombe kikaanguka, chai ikaingia kwenye kibodi. Sikulia. Nilimlaani Nanyonga kwa sauti.

Ijumaa ya siku ya nane nilikwenda Hail kula. Sinia lilikuwa juu ya mkeka, wali wa nazi, mchuzi wa nguru, achari ya embe. Mama akampakulia Nanyonga, akamkalisha ubavuni pake. Akajipakulia mwenyewe. Mimi hakunipakulia. Tangu nizaliwe mama yangu hajawahi kutonipakulia, hata siku nilipompiga kaka yangu jiwe la kichwa.

"Mama?"

"Chakula changu hawali wanaoonea watu," akasema, na akatia tonge kinywani.

"Mama, mimi nna msiba."

"Msiba n'nauona. Akili ndiyo siioni. Mtoto wa watu umemfanya mwizi nyumbani kwangu, umemtoa machozi siku saba. Maskati nzima hii, wewe umemwona anaejua Kiswahili ni Nanyonga peke yake? Sasa n'jibu swali nililokuuliza siku ile. Hapo ofisini ulikuwa na nani?"

Nilikuwa nimechoka, njaa inaniuma, nikamtajia ili aniache. Mzee Thani. Watoto wawili wa ndugu yake. Fulani, na fulani. "Na Muatasim, lile jitu lenye jambia, linalotuita wageni."

Mama akaacha kutafuna. "Muatasim mwana wa nani?"

"Sijui. Mtu wa mlimani. Ana kovu hapa." Nikajigusa kidevu.

"Kama ndoana? Limeanzia chini ya mdomo likapinda?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mama akaweka tonge chini. "Lahaula! Kovu hilo kalipata kwenye ngazi za nyumba yangu mimi, Malindi kule Zanzibar, ana miaka mitatu. Nimemfunga kwa upande wa kanga yangu. Huyo ni mwana wa Masouda. Tulipanda ndege moja kuja huku, mtoto anatapika nimempakata mimi kwa kuwa mama yake alikuwa hoi. Alikuwa hajui Kiarabu hata neno. Mwaka mzima akilia anataka urojo. Masouda alipokufa, mwanawe akaoa huko milimani, akabadilisha jina la ukoo, akajifanya hatutambui sisi. Nikasikia anasema ni wa huko asili na asili." Akacheka kicheko kibaya, cha puani. "Kumbe ndiye huyo anaetuita wageni!"

Nanyonga alikuwa ameinamia sahani yake. Mimi ndiye niliyekuwa na la kumwambia.

Nikashika simu nimpigie Muatasim pale pale. Mama akanipiga mkono.

"Usimpigie. Akijua umejua, hao watoto atawatupa. Kesho mnakutana naye?"

Tulikuwa tunakutana. Wafugaji walikuwa wameomba mkutano wa dharura, Jumamosi asubuhi, kutaka mbwa mwitu waliobaki waondolewe wote, na Muatasim ndiye msemaji wao.

"Basi kesho n'peleke," akasema mama.

Ukumbi wetu ulijaa siku hiyo. Muatasim alikaa katikati, mguu juu ya mguu, fimbo magotini. Alizungumza vizuri, sitamnyima. Alisema kwa Kiarabu cha mlimani kabisa kwamba mnyama asiyezaliwa kwenye ardhi haijui ardhi, na asiyeijua ardhi huila. Alisema yule aliyetundikwa alitundikwa kwa desturi, kama mababu walivyofanya, ili wengine wajue mpaka wao. "Na sisi tulio watu wa hapa," akasema, "hatufundishwi mlima na waliokuja na mabegi." Wael alikuwa anaandika kwenye daftari lake, jasho linamtoka. Wazee wanaitikia kwa vichwa.

Mlango ukafunguka, akaingia mama. Amevaa baibui lake la zamani, mkongojo unagonga marumaru. Wanaume wakageuka. Hakutazama mtu mwengine. Alitembea mpaka katikati ya ukumbi, akasimama mbele ya Muatasim, karibu sana, kama anavyosimama mbele ya mtoto aliyevunja kitu.

"Muatasim," akasema kwa Kiswahili, bila kupaza sauti. "Mwana wa Masouda. Tangu lini wewe unakaa kitako na mkubwa wako kasimama?"

Niliyaona yote kwa macho yangu. Uso wake haukubadilika. Ungesema hakusikia. Lakini mguu ulishuka chini wenyewe. Fimbo ikateleza magotini ikaanguka, na yeye akainuka, mwili mzima, akauchukua mkono wa mama akaubusu kwa nje, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bi Sayyida."

"Marahaba."

Wael aliacha kuandika. Muatasim alikuwa bado ameshika mkono wa mama, na nikaona ndio kwanza anatambua kinywa chake kimetoa nini. Alitaka kuuachia. Mama hakumwachia.

"Masouda amekulea, akakutia adabu, na adabu n'naiona ipo," akasema mama. "Nisingependa akusikie huko aliko unasema uongo. Wako wapi watoto wa yule mnyama?"

Akajibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha mtoto, cha Malindi, kisicho na vumbi hata kidogo. "Wapo, Bi Sayyida. Wapo Rusayl, kwangu."

Mzee Thani akamwinamia mwenziwe, akauliza kwa Kiarabu mtu huyu anasema lugha gani. Akaambiwa. Akamtazama Muatasim kuanzia kilemba mpaka viatu, polepole, halafu jambia. "Miaka ishirini," akasema, "unatufundisha sisi mlima." Mtu nyuma akacheka, na kicheko kikapita safu hadi safu. Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilitaka kicheko kile kizidi, kimfuate mpaka nyumbani kwake. Nililiona sikio lake limekuwa jekundu nikasema moyoni, sasa wewe ni mgeni pamoja na sisi, karibu.

Tulikwenda Rusayl gari mbili. Mama alibaki garini, anasema mbwa ni mbwa na yeye ana udhu. Muatasim alifungua stoo nyuma ya karakana, nyuma ya matairi. Ndani alikuwa ametandika magunia safi na majani makavu. Palikuwa na bakuli la maziwa, na nyama iliyosagwa kwenye sahani ya watoto, yenye picha ya sungura.

"Walikuwa wanne," akasema. "Mmoja kafa siku ya pili. Nimemzika."

"Kwa nini hukuwaua?" Nilimwuliza hivyo, kwa ukali, kama vile amenikosea kwa kutowaua.

Akatazama chini. "Nilikwenda kuwaua. Mama yao nilishampiga. Wakalia."

Akapiga magoti pale mlangoni, jambia likamsumbua akalisukuma pembeni, akaita. Hakuita kwa Kiarabu. "Njooni, babu. Njooni, njooni." Sauti ilikuwa ya mtu mwengine, nyororo, sauti ya mwanamke anayeita wajukuu kula.

Wakatoka nyuma ya magunia wote watatu, mbio, masikio yamelala nyuma. Wakampanda mapajani, wakamlamba vidole, mmoja akamng'ang'ania kwenye mkono wa kanzu.

Iko njia tunayowapimia. Nikachukua kifuniko cha bati, nikakipiga ukutani kwa nguvu zangu zote. Mtoto wa mbwa mwitu wa porini anaposikia kishindo hukimbia mbali na mtu, hujificha penye giza. Hawa walikimbia wakajificha kwa mtu. Waliingia chini ya kanzu ya Muatasim, wakabaki wanatetemeka, na yeye akawafunika kwa viganja viwili akawa anawanong'oneza.

Nikapiga tena. Na tena. Muatasim akaniinulia macho. "Basi," akasema. "Unawatisha."

"Nyamaza!" nikampigia kelele. "Wewe usiniambie kutisha." Nikatupa bati, nikatoka nje, nikalia nimeegemea matairi ya watu. Sikumhurumia Muatasim siku ile, na leo bado simhurumii. Atakwenda mahakamani na nitasimama kutoa ushahidi. Lakini sikuwa nikilia kwa sababu yake.

Jioni niliirudisha simu ya Nanyonga. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu Rusayl. Yeye akaipokea, akaifuta kwa upindo wa kanga, mbele na nyuma, akasema, "Asante, madam." Nikamwambia nimekosa. Akasema, "Ndiyo, madam." Kisha akarudi kwenye mbuzi yake akaendelea kukuna. Mama aliniambia baadaye kwamba ameomba aende nyumba nyengine mkataba ukimalizika, na mama hakumzuia.

Asubuhi yake nilikaa ofisini na fomu ya wale watoto. Jinsia, uzito, rangi. Penye "Hatima" nikaandika: Hawafai kuachiwa porini. Penye "Sababu" nikaandika: Waliibwa na Muatasim wakazoea binadamu. Nikatazama tarehe. Kuibwa waliibwa Alhamisi. Mama aliniuliza Ijumaa nilikuwa na nani ofisini, na ningemjibu siku ile, wangekuwa pangoni Jumamosi. Baba yao alikuja tena na tena baada ya hapo.

Nikafuta. Nikaandika: Mfuatiliaji alimshuku asiyehusika, akapoteza siku saba. Nikatia sahihi yangu.

Nje, uani, tulikowaweka wale watoto, mhudumu alikuwa amebeba sahani, anawaita kwa Kiarabu waje kula. Walikuwa wamejibana pembeni mwa kizimba, hawamgeukii. Aliita mpaka akachoka. Nikafungua dirisha, nikasema, "Njooni." Wakaja wote watatu.